Nani Anaimba Jumapili?

(Mada hii ilitolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya siku moja ya walimu wa kwaya, viongozi wa sifa na wapiga vinanda kutoka sharika za pembezoni mwa Dar es Salaam. Tunaichapisha karibu kama ilivyotolewa.)



Nilipopigiwa simu kualikwa hapa niliuliza kama hamjakosea namba. Mimi ni mtu wa miradi. Kazi yangu ni visima, vikundi vya VICOBA, mafunzo ya ujasiriamali kwa akina mama na taarifa za robo mwaka ambazo hazimaliziki. Niliimba kwaya miaka mingi, ndiyo, lakini sijasomea muziki. Mwenyekiti wenu akanijibu kwamba walimu wa muziki mnao, mnachotaka ni mtu wa kuwaambia jinsi uimbaji wetu unavyoonekana na yule aliyekaa benchi la nyuma. Kwa kuwa sasa nakaa benchi la nyuma, nikakubali.

Nianze na jambo lililotokea Jumapili moja mwaka 2023, wakati wa mgao wa umeme. Nilikuwa nimetembelea usharika mmoja upande wa Temeke kwa shughuli za mradi. Kipindi cha sifa kilikuwa kimepamba moto. Vijana sita wako mbele, kila mmoja na maikrofoni yake, kinanda, gitaa la besi, ngoma za kizungu. Kiongozi alikuwa anapandisha ufunguo kila ubeti kwa kumwonyesha mpiga kinanda kidole gumba. Kanisa lilikuwa linatetemeka. Mtu akipita nje angesema usharika huu unaimba kweli kweli.

Umeme ukakatika.

Nadhani mnajua sauti ya kanisa umeme unapokatika. Zilibaki ngoma, na sauti sita zikijitahidi, basi. Watu karibu mia nne tulikuwa tumesimama tunapiga makofi na hakuna aliyekuwa anaimba. Wale vijana wakaendelea kwa nusu dakika hivi, wakatazamana, wakanyamaza. Jenereta lilikuwa halina mafuta. Mchungaji alikuwa anainuka kuja mbele ndipo mama mmoja wa makamo, mstari wa tatu kutoka nyuma, akaanzisha wimbo wa kitabu. Aliuanzisha chini mno, wasichana wa kwaya wakacheka kidogo, lakini watu waliupokea. Kufikia ubeti wa pili baba mmoja karibu yangu, ambaye alikuwa amesimama na mikono mfukoni tangu ibada ianze, alikuwa anaimba besi. Besi nzuri kabisa. Alikuwa nayo muda wote.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Hoja yangu leo ni hii: kazi ya anayeongoza uimbaji ibadani ni kuwafanya watu waimbe, na katika sharika zetu nyingi tunafanya kazi nyingine, ya kuwaimbia. Tunaifanya kwa bidii, kwa gharama kubwa na kwa nia njema. Matokeo yake ni kwamba kuna watu wamenyamaza kanisani, na sisi hatujui kwamba wamenyamaza kwa sababu spika zinatuziba masikio.

Tulikotoka

Sisi ni Walutheri, na jambo hili linatuhusu kuliko wengine. Kabla ya Matengenezo, uimbaji wa ibada kule Ulaya ulikuwa hasa kazi ya makasisi na wanakwaya, kwa Kilatini. Watu walikuja wakasikiliza. Mwaka 1524 kilichapwa kijitabu chenye nyimbo 8 tu katika lugha ya watu, na 4 kati ya hizo ni za Martin Luther. Mwaka 1526 Luther akatoa utaratibu wa ibada kwa Kijerumani, nyimbo za watu zikiwa ndani yake. Alitaka fundi seremala na mama wa nyumbani waibebe imani kinywani mwao wenyewe. Sasa ni miaka mia tano imepita. Nikitazama baadhi ya ibada zetu naona tumeurudisha wimbo kwa watu sita waliosimama mbele. Tofauti ni kwamba hawa hawavai kanzu.

Wamisionari walipotuletea nyimbo hizo walituletea zawadi, lakini zilikuja na matatizo yake. Lipo moja ambalo walimu wa kwaya mnalijua hata kama hamjawahi kulitaja. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema MUngu, BWAna, twaSIfu. Nyimbo nyingi za Kijerumani huanza na nota nyepesi kabla ya pigo zito. Maneno ya Kiswahili yakibandikwa juu ya tuni hiyo bila kuangalia, mkazo unaangukia pasipo pake, na mtu anajikuta anaimba munGU. Mwanakwaya aliyefundishwa anaweza kulipita jambo hilo kwa ustadi. Mtu wa benchini anahisi tu kwamba wimbo una kigugumizi, na hajui kwa nini.

Wapo waliolishughulikia. Mchungaji Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo zenye melodia za Kiafrika, nyingi zikiwa za Waturu wa Singida, akazifanya za ibada. Kitabu cha Tumshangilie Mungu kilitokana na kazi hiyo. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa aliandika Mfurahini Haleluya, wimbo wa Pasaka wenye melodia ya Kihaya. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani, kwa Kiingereza. Jiulizeni kwa nini wimbo huo unaimbika kokote. Hauhitaji kusoma. Yupo anayeanzisha, wapo wanaopokea, na sehemu ya kupokea inajirudia mpaka mtoto na mgeni wameishika. Babu zetu walijua jambo hili shambani, kwenye kutwanga na kwenye kuvuta mtumbwi, ambako wimbo ulikuwepo ili wote wavute kwa pamoja.

Nasema haya kwa sababu nimesikia mabishano mengi, wazee wakitetea nyimbo za kitabu na vijana wakitetea mapambio, kana kwamba kimoja ni cha Mungu na kingine si chake. Mapambio yana nguvu hiyo hiyo ya kuanzisha na kupokea, ndiyo maana yule asiyejua kusoma anaimba pambio bila aibu. Nyimbo za kitabu, kuanzia Mwimbieni Bwana mpaka Tumwabudu Mungu Wetu tulicho nacho sasa, zina mafundisho ambayo mtu anayakumbuka akiwa hospitalini, na pambio la mistari miwili halina nafasi ya kuyabeba. Mimi nataka vyote. Ninachouliza kwa kila wimbo ni nani atashindwa kuuimba.

Ufunguo

Hapa niwe mtu wa miradi kidogo.

Katika VICOBA tunapopanga bei ya hisa hatumtazami mwenye duka. Tunamtazama mwanachama mwenye kipato cha chini kuliko wote, mama anayeuza vitumbua, tunauliza: huyu ataweza kila wiki? Tukipanga kwa mwenye duka, mama wa vitumbua atajitahidi mwezi mmoja, wa pili atakopa, wa tatu hatumwoni. Hatatuaga. Atasema ana udhuru.

Ufunguo wa wimbo ni bei ya hisa. Kiongozi anachagua ufunguo ambao sauti yake inang'aa, na sauti yake imefundishwa mara tatu kwa wiki. Watu wa kawaida, wake kwa waume, kila mmoja kwa kimo chake, wanaimba kwa raha kuanzia A iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda mpaka D ya juu, na wanaume wanaimba hayo hayo oktavu moja chini. Ibada ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, koo halijaamka, hata hiyo D ni ya kuomba. Chukua wimbo unaotoka do ya chini hadi do ya juu. Ukiweka do kwenye C, wote wako ndani. Ukiweka kwenye D wanafika kwa shida kidogo. Ukiweka kwenye F umebaki na soprano wa kwaya na wewe mwenyewe. Sasa wapiga vinanda wetu wengi wamezoea kupiga katika ufunguo mmoja na kutumia kile kitufe cha kupandisha. Kiongozi anaonyesha kidole gumba, kinapanda nusu sauti. Ubeti unaofuata, tena. Wimbo ulioanzia D, baada ya vidole gumba vinne uko F kali. Mbele pale kunasikika kama upako unazidi. Benchini watu wamebaki na makofi.

Sisemi msipandishe kamwe. Kupandisha mara moja, mwishoni, kunachangamsha. Lakini anzeni chini vya kutosha ili mwisho wake bado uwe wa watu. Na jaribuni hili: ubeti wa pili, toeni maikrofoni mdomoni, na fundi mitambo ashushe kinanda nusu. Sikilizeni. Kama hamsikii kitu, basi kitu hakikuwepo tangu mwanzo.

Mwalimu aliyenifundisha kuimba huko Tandika, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuwa na kinanda. Alikuwa na ubao, chaki na kipenga kidogo cha kutolea sauti ya kuanzia. Aliandika do, re, mi kwa herufi, tukasoma. Alikuwa mkali, na alitupiga marufuku kuanza ubeti kabla ya kumtazama usoni. Kila Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza wa usharika, alikuwa na tabia ya kugeuka nyuma kutazama watu waliokuja. Nilidhani anahesabu. Siku moja nikamuuliza: "Shikamoo mwalimu, huwa unaangalia nini?" Akasema, "Marahaba. Naangalia wazee wangapi wamekuja, nijue nianzie wapi." Akiona wazee ni wengi alishusha. Hicho tu. Sijaona mpaka leo mtu anayefanya hivyo, na sasa vinanda vina kitufe.

Kuhusu nyimbo mpya niseme kwa kifupi. Vijana wanachukua nyimbo mitandaoni, za Joel Lwaga, za Rose Muhando, za Joyous Celebration ya Afrika Kusini. Ni nyimbo nzuri na mimi nazisikiliza kwenye daladala. Lakini wimbo wa mwimbaji mmoja umeshonwa kwa mwili wa mtu mmoja. Una mapindo, una sehemu ya kuongea, unasubiri pale yeye anapotaka kusubiri. Watu mia nne hawawezi kuvaa gauni la mtu mmoja. Chukueni kiitikio chake, kishusheni, kiimbeni hicho. Tazameni kwaya za hapa hapa kwetu: Uinjilisti Kijitonyama, waliorekodi Hakuna Mungu Kama Wewe, au AIC Chang'ombe kule Temeke. Nyimbo zao zimesafiri mbali kuliko wao wenyewe, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba ndani yake huwa mna mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia.

Jirani

Mji wetu unajaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo wamekuja kukaa huku tuliko sisi, Mbagala, Chamazi, Chanika, Kivule, Goba, Bunju. Sharika zilizojengwa porini miaka ya 1990 leo zimezungukwa na nyumba ukuta kwa ukuta, na wengi wa majirani hao ni Waislamu. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kelele ni suala la kisheria, na NEMC imekuwa ikipokea malalamiko kuhusu nyumba za ibada kama inavyopokea kuhusu baa. Nisingependa tuwekwe kundi moja na baa, lakini kipimo cha sauti hakijui tofauti.

Kuna mtaa wa kanisa ambako tulikuwa na mradi wa kisima. Kisima kile kinatumiwa na wote, Wakristo na Waislamu, na mzee mmoja jirani, mtu wa msikitini, alikuwa kwenye kamati ya maji. Siku moja baada ya kikao aliniita pembeni.

"Binti yangu, nina neno, lakini lisije likaharibu ujirani."

"Sema tu, baba."

"Mimi nimekaa hapa tangu kanisa lenu ni la makuti. Mlikuwa mkiimba Jumapili, mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa barazani anasikiliza. Anasema wale wanaimba vizuri. Siku hizi hamwimbi. Inaimba mashine."

Nilitaka kumjibu kwamba ni watu wanaoimba, mashine inakuza tu. Nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na hakika.

Niliwaeleza wazee wa mtaa ule, nao, kwa hekima yao, wakaanza na jambo dogo. Spika zilikuwa zimeelekezwa madirishani, wakazigeuza ziwatazame watu waliomo ndani. Wakashusha. Wiki ya kwanza vijana walilalamika kwamba ibada imepoa. Kufikia mwezi wa pili, mwinjilisti wa pale aliniambia kwamba watu walikuwa wameanza kuimba sauti ya pili na ya nne wenyewe, huko benchini, kwa kuwa sasa wanasikiana. Mtu hawezi kuimba sauti ya pili kama haisikii ya kwanza ya jirani yake. Ni jambo la kawaida kabisa, lakini mtaa ule ulikuwa na mixa ya njia kumi na mbili na hakuna aliyelijua.

Daftari

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, kwa sababu linanihusu mimi.

Kwaya katika mji huu ni zaidi ya uimbaji. Mwaka 2003 msomi wa Kimarekani, Gregory Barz, alichapisha kitabu kuhusu kwaya za Tanzania baada ya kukaa na wanakwaya wa Dar es Salaam, hasa Kwaya ya Upendo ya Azania Front. Anaieleza kwaya kama jamii ndogo yenye uongozi wake, furaha zake na misiba yake. Kila mmoja wenu angeweza kumwambia hivyo. Kijana anatoka Njombe au Karagwe, anashukia stendi akiwa na begi moja, hana shangazi mjini. Anajiunga na kwaya. Baada ya mwezi ana kaka na dada arobaini. Akiugua wanakuja, akioa wanamwimbia, akifiwa wanachanga. Katika kazi yangu tunaandika maandiko marefu ya kuomba fedha ili kuunda vikundi vya namna hiyo, na vingi vinakufa mradi unapoisha. Ninyi mnavyo tayari, bila mfadhili.

Mwaka 2009 nilikuwa mweka hazina wa kwaya ya vijana katika usharika mmoja upande wa Mbagala. Tulikuwa na sare mbili. Tulipoamua kurekodi video tukaongeza ya tatu, kwa sababu mtaalamu wa picha alisema rangi zile hazionekani vizuri. Mchango wa studio ulikuwa juu yake. Alikuwepo binti mmoja, akifanya kazi kwa mama lishe karibu na stendi ya Rangi Tatu. Hakusoma nota, lakini ukimwimbia mara moja ameshika, na sauti ya pili nzima ilimwegemea. Sare ya kwanza aliilipa kwa awamu nne. Ya pili alilipa nusu. Ilipotangazwa ya tatu hakuja mazoezini wiki ile, wala iliyofuata.

Katiba yetu ilisema asiyelipa kwa miezi mitatu si mwanachama hai. Mwezi wa nne nilichukua rula nikapiga mstari jina lake. Nilitumia rula kwa sababu napenda daftari safi.

Miezi michache baadaye alifiwa na mama yake. Alikuwa anahitaji kusafirisha msiba kwenda Njombe, na mnajua gharama yake. Tulikuwa na mfuko wa kufa na kuzikana, na mfuko ule ulikuwa wa wanachama hai. Taarifa ililetwa kwenye mazoezi ya Alhamisi. Nikafungua daftari, nikasema hayumo. Tukaomba kwa ajili yake, tukaendelea na wimbo. Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na roho mbaya. Tulikuwa tunafuata katiba, na video ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Nilimtafuta miaka mingi baadaye, nilipokuwa tayari nafanya kazi hii na nimefundisha watu semina kadhaa juu ya kuwafikia walio pembezoni. Nilipata namba yake kwa yule mama lishe. Akapokea, akanitambua kwa sauti.

"Shikamoo dada."

Nikaitikia, nikaanza kueleza kwa nini nimepiga. Nilikuwa nimeandaa maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaliisha dada, usijali. Sasa nipo Chamazi. Huku naimba." Nikamuuliza anaimba kanisa gani. Akanitajia, si la kwetu. "Huku hawaulizi sare," akasema, si kwa kunisuta, alikuwa ananieleza tu.

Nilikuwa na swali moja nililotaka kumwuliza, kama angerudi, lakini sikuliuliza. Angerudi wapi? Ile kwaya ina sare saba sasa.

Wapendwa, sisemi sare ni dhambi. Daudi aliwapanga waimbaji kwa zamu na idadi. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinataja 288, na kinamtaja Kenania aliyewekwa juu ya uimbaji kwa sababu alikuwa stadi. Utaratibu ni wa Biblia. Amosi naye ni wa Biblia, na aliwaambia watu waliokuwa na vinubi vizuri kwamba Mungu amechoshwa na kelele zao kwa kuwa haki haikuwepo mlangoni. Niliposoma sura ile ya tano zamani nilidhani anawasema matajiri.

Yapo mambo ambayo baadhi ya sharika wameanza kufanya. Kwaya moja huko Goba imerudi kwenye kitenge kimoja cha doti la bei ya sokoni, kila mtu anashona kwa fundi wake anavyoweza. Nyingine imetenganisha mfuko wa misiba na michango ya sare na kurekodi, ili mtu anayedaiwa sare asinyimwe rambirambi. Katibu wao yupo hapa na anaweza kuwaeleza walivyobadilisha katiba, haikuwa rahisi. Wengine wanatunza sare stoo ya kanisa kama mali ya kwaya, anayeingia anapewa, anayehama anarudisha. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba siku ya wimbo wa usharika anawatawanya wanakwaya wake, kumi kulia, kumi kushoto, wengine nyuma kabisa, wakae katikati ya watu. Anasema wanakwaya hawapendi, kwa kuwa hawaonekani, lakini mtu aliyekaa karibu na soprano mzuri anapata ujasiri. Nilimuuliza inachukua muda gani watu kuzoea. Akasema watu walizoea Jumapili ile ile, wanakwaya miezi sita.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Baada ya chai tutagawanyika kwa majimbo. Kila kundi litapewa wimbo mmoja wa kitabu na pambio moja. Wapiga vinanda, naomba kile kitufe kirudishwe kwenye sifuri. Kila kundi lina mzee wa kanisa mmoja mwenye umri zaidi ya miaka sitini, tumewaomba waje kwa kazi hii hasa. Mwimbieni mzee wenu wimbo ule kwa funguo tatu tofauti, yeye akiimba pamoja nanyi bila maikrofoni, na muandike kwenye karatasi ni ipi aliyoweza kuimaliza mpaka ubeti wa mwisho. Tutakusanya karatasi saa nane.